Banataka kumutosha nkambo mu nyumba? Namna ya kutumia avoka wa bure hapa L'shi (Lubumbashi)

Hii naandikia ule mwenye eko na muzee mu nyumba, ao ndugu mwenye anaishi na ulemavu, na kuko mutu anamwambia atoke. Mutu ule anaweza kuwa bayeri (mwenye nyumba), anaweza kuwa shemeji yake, anaweza kuwa mugeni mwenye anashuka mu jipu na karatasi ya kununua parseli. Mbele ya kupiga makelele uliza maulizo mbili: nani anamufukuza, na eko na karatasi gani? Kesi ya bayeri na lokateri (mwenye analipia nyumba) haifanane na ya mujane na ndugu za bwana, na parseli yenye iliuzishwa kwa siri iko na njia yake ingine kabisa. Avoka atakuuliza ile ile, basi anza kutafuta jibu ungali nyumbani.

Asitoke, na asiweke kidole

Asitoke kwanza, juu bengi banatoka. Bayeri anagomba mara mbili, anakuja na kijana moja wa polisi, nkambo anasikia haya mbele ya majirani, anakunja matela anaenda kwa binti yake Kasumbalesa, alafu kiisha mwezi njo munakuja kuuliza avoka afanye nini. Akishatoka, kazi inakuwa nguvu juu sasa ni kumurudisha, na mu nyumba mule tayari kuko mutu mupya mwenye alilipa garanti yake, na yeye pia eko na batoto.

Shefu wa kartie hana ruhusa ya kumutosha lokateri ao mujane mu nyumba. Burgumesti pia, kesi ya loyeri ao ya uriti haiko yake. Na polisi yenye inakuita juu ya deni ya loyeri inapitisha mupaka, juu deni ya nyumba ni mambo ya sivile, haiko kosa ya kulalisha mutu mu kasho. Kutosha mutu inaomba hukumu ya tribinali na wisie (mutumishi wa tribinali mwenye anapeleka karatasi zake) wa kuitimiza, polisi inakuja nyuma ya wisie kumusaidia, haikuje peke yake kama mwenye nyumba. Kama banakuja bila hukumu, banatosha vyombo, banang'oa mulango, banaweka kadena, banakata maji, usipigane nabo. Piga foto yenye inaonyesha saa, andika majina ya majirani benye baliona, na siku ile ile enda kwa avoka juu pale kuko plenti ya kuweka ku parke (biro ya mushitaki wa Leta). (Kama ni Leta njo inataka nafasi juu ya barabara, ile ni kesi ingine: artikle 34 ya Konstitisyo inaomba malipo ya haki, na ilipwe mbele ya kumutosha mutu mu mali yake.)

Kidole sasa. Bazee bengi macho imechoka, bengine hawakusoma, mutu anakuja na karatasi ya Kifransa anasema "tata, weka kidole hapa, ni ya kuonyesha tu tulipita", kumbe ni kukubali kutoka kiisha siku 30, ao ni akte ya kuuzisha. Mutu wa kweli atakuachia kopi uende uisomeshe. Wisie wa tribinali yeye anaweza kuomba sinyatiri ya kupokea, ile ni kupokea tu, haiko kukubali, na kuikatala haisaidie kitu. Kwa mutu hasikii ao haone, karatasi isomwe yote, kwa alama ao kwa sauti mu Kiswahili, na mwenye kuisoma awe mutu hana faida mu ile nyumba. Nasisitiza juu ya faida juu mara nyingi mwenye anatafsiria nkambo karatasi njo ule ule anangojea chumba.

Soma karatasi yenyewe

Karatasi ya tribinali inakuwaka na namba mu kichwa, RC kama ni sivile, RP kama ni penali, tarehe bameiandika kwa maneno mazima "L'an deux mille...", kisha jina ya wisie na tribinali yake. Alafu kuko mustari yenye wisie anaijaza na bic, ya kusema alimukuta nani pale nyumbani: "y parlant à". Avoka wa akili anatazama ile mustari ya bic mbele ya kusoma kitu ingine yoyote. Juu inafikaka hivi: wisie anapita saa ine ya asubui, bakubwa habako, anaachia karatasi mutoto wa masomo, mutoto anaitia mu kaye ya hesabu, na muzee anajua kama alikuwa na kesi siku yenye banakuja na hukumu. Siku zinahesabiwa kufwatana na nani alipokea na wapi, basi usiseme tu "tulipata karatasi", sema nani aliishika, siku gani, na yeye ni nani mu ile nyumba.

Siku za kukumbuka ni hizi. Kama ni kuitwa mbele ya tribinali (asinyasyo), kati ya kupokea na siku ya kesi kunapaswa kupita siku 8 nzima. Kama hukumu ilitoka naye hakufika, kuko opozisyo (kuomba tribinali ile ile isikilize kesi tena), siku 15 tangu bamujulishe yeye mwenyewe. Kama alikuwako na akashindwa, kuko apeli (kupeleka kesi ku tribinali ya juu), siku 30 tangu wisie amufikishie hukumu. Andika siku ya mwisho ku kalendari ya ukuta alafu ujifanye kama ilipunguka siku tano, juu avoka pia anaomba muda wa kuandika, na tribinali haikuchekee eti nkambo alikuwa mugonjwa.

Na kama kesi ni kesho kutwa na hamujapata avoka? Muende. Kutoenda njo kushindwa kwenyewe. Ukifika, bakiita jina, musimame, museme: "Bwana Prezida, tunaomba remizi, tunatafuta avoka ku biro ya baavoka ba bure." Remizi ni kuahirisha kesi ku siku ingine, na mara ya kwanza bajuji bengi banakubali.

BCG

Kila baro (chama ya baavoka) ya Kongo inapaswa kuwa na Bureau de Consultations Gratuites, biro ya mashauri ya bure, batu banasemaka BCG. Haiko huruma ya mutu: ordonansi-loi ya 28 septemba 1979, yenye inapanga kazi ya baavoka, inaomba konsei ya baro isaidie benye uwezo yabo haitoshe. Ulizia ku palais de justice, ndani, kwa mutu mwenye eko nyuma ya meza. Ule kijana wa ku mulango mwenye anakuambia "mama, unatafuta avoka, njoo nikupeleke", mupite tu na salamu.

Bengi benye utakuta kule ni bastajieri, baavoka bachanga benye bangali chini ya mukubwa. Kuko batu banabazarau, banasema bora kukopa makuta na kulipa avoka wa kravati. Mie sikubali. Stajieri eko na dosie kidogo na njaa ya kushinda, anasoma yako yote mupaka nyuma ya karatasi. Ubaya yake ni moja: anabadilika, anamaliza staje, anaitwa kazi ingine, na dosie ya nkambo inalala mu kabati. Njo maana siku ya kwanza omba jina yake, namba ya telefone, jina ya metre mukubwa wake, na usiache orijinali hata moja. Acha kopi, orijinali atayaomba siku ya kuonyesha juji.

Bure inamaanisha kazi ya avoka. Frais ya tribinali, kazi ya wisie, fotokopi, ile inabakia. Lakini kuko atestasyo ya endijansi, karatasi ya kusema huyu hana uwezo, unaiomba ku afere sosiale ya komini na kitambulisho na shahidi wa kartie, alafu avoka anaitia ku barua kwa prezida wa tribinali kuomba amusamehe frais. Ombeni hii karatasi siku ya kwanza, juu kuko benye banakuja nayo kiisha kulipa yote. Na kokote banaomba makuta, omba resi. Ile yenye haina resi inaitwaka "motivasyo", na motivasyo haina mwisho.

Beba hivi: kitambulisho ya muzee (karatasi ya elektere inaenda), kontra kama iko, bakitansi zote za loyeri hata zile za kukunjana, mesaje za M-Pesa ao Airtel Money, barua yoyote yenye bayeri ao familia iliandika, karatasi ya daktari kama kuko ugonjwa ao ulemavu, karatasi ya ndoa, akte ya kifo kama ni mujane, na za parseli zote mu sashe moja bila kuchagua, juu ile unaona haina maana mara ni ile avoka alikuwa anatafuta. Andika pia ukurasa moja, tarehe na yenye ilifanyika, mustari mufupi mufupi. Usimuanzie avoka hadisi kuanzia wakati wa Union Minière, eko na batu kumi nyuma yako.

Alafu, enda na muzee mwenyewe. Najua magoti inamuuma, najua taksi ni makuta. Lakini dosie ni yake, na avoka muzuri atawaomba mutoke kidogo abakie naye peke yake. Musikasirike. Eko na sababu ya kufanya vile, juu mara mutoto mwenye alileta mama ku BCG njo anataka bandugu batoke abakie na nyumba. Kama hawezi kabisa kutembea, omba avoka afike nyumbani, ao mufanye prokirasyo (karatasi ya kumupa mutu ruhusa ya kusema mu jina yake) ya ile kesi moja peke yake, na namba ya RC ndani. Prokirasyo ya "kufanya yote juu ya mali yangu" usikubali hata kwa mutoto wa kwanza, hata kwa mutumishi wa Mungu.

Kama ni lokateri

Sheria ni ile ya 31 desemba 2015, namba 15/025, juu ya loyeri yenye haiko ya biashara. Mu nyumba ya kulala garanti haipaswe kupita miezi 3. Najua, hapa L'shi banakuomba sita bila haya na unalipa juu watoto hawawezi kulala nje. Lakini ile ya zaidi iko deni ya bayeri kwako, na siku anadai loyeri ya miezi mbili avoka anaiweka ku meza. Njo maana bakitansi ya garanti inakaa pamoja na Biblia.

Kwa kontra yenye haina siku ya mwisho, preavi (kumujulisha mbele ya kumutosha) ni miezi 3, na ikuwe ya kuandikwa. "Utoke mwisho wa mwezi, kaka yangu anarudi ya Kolwezi" haiko preavi. Na mbele ya kufika ku tribinali ya pe (tribinali ya amani), ugomvi unapitaka kwanza ku servisi ya abita (biro ya Leta juu ya manyumba) kujaribu kupatanisha. Usiizarau ile siku. Bazee bengi banashindia pale, bila kesi: bayeri anaona kuko avoka, kuko sheria, anakubali miezi minne na deni ilipwe kidogo kidogo. Ikiandikwa musome mbele ya kusaini, na ikishindikana banaandika prosè-verbal, mubebe kopi.

Kuko mutego moja: bayeri anakataa kupokea loyeri. Unamupelekea, anasema "ngojea", mwezi wa pili "ngojea", wa tatu anakwenda kusema haulipe. Tuma mu telefone, mesaje inabaki. Akirudisha, mesaje ya kurudisha ni ushahidi muzuri kupita, na avoka anajua namna ya kuweka ile makuta mahali sheria inakubali.

Kwa ndugu mwenye anaishi na ulemavu kuko loi organike namba 22/003 ya 3 mei 2022, na artikle 49 ya Konstitisyo inasema yeye pamoja na muzee beko na haki ya kulindwa namna ya pekee. Nitasema wazi: hizi mbili peke yake hazitazuia kutoshwa kama deni ni ya kweli na preavi ilipita. Lakini zinamusaidia avoka kuomba juji amuongezee muda, na muda kwa mutu wa kiti ya magurudumu si kitu kidogo, kutafuta nyumba yenye haina ngazi, mulango mupana, choo yenye anaweza kuingia, ile haipatikane mu juma moja Katuba wala Kenya (komini za hapa L'shi). Basi usimwambie avoka tu "eko na ulemavu". Mwambie choo iko wapi, maji anachota nani, hospitali anaenda mara ngapi. Ile njo juji anaelewa.

Mujane na ndugu za bwana

Hapa njo machozi inakuwaka mengi. Matanga haijaisha, bakaka ba marehemu banakaa mu salon banasema nyumba ni ya familia. Kode ya familia (ya 1987, bakaibadirisha 2016) inasema ingine: bariti ba kwanza ni batoto ba marehemu, bandugu banakuwa mu kundi ya pili pamoja na mujane na bazazi, na mujane eko na haki ya kubakia mu nyumba yenye balikuwa banaishi na bwana yake, na vyombo vya ndani. Banaita izifrwi: haiuzishe, lakini anaishi mule. Na wakati bwana angali hai nyumba haiuzishwe na mutu moja tu, bibi na bwana bote banapaswa kukubali.

Shida inakuwa ndoa yenye ilibakia ya kwetu, mahari ililipwa lakini ku komini hawakuandikisha. Usiifiche kwa avoka eti haya. Ukimwambia mapema, anatafuta bashahidi ba mahari, lisiti ya vitu vyenye bilitolewa, foto, karatasi za kazi za bwana kwenye jina ya bibi iko. Ukimuficha, avoka wa upande ingine atamwambia mbele ya juji.

Parseli iliuzishwa na mutoto, ao na mutu hamumujue

Mbio hapa, kuliko pengine pote. Mu sheria ya udongo ya 1973 udongo ni wa Leta, wewe unapewa konsesyo, na kitu yenye inaonyesha nyumba ni yako ni sertifika ya anrejistrema ya konservateri (mukubwa wa biro ya karatasi za udongo). Mutu akifanikisha kutosha sertifika ku jina yake juu ya parseli ya nkambo, kiisha miaka 2 inakuwa nguvu sana kuivunja, munabakia kudai malipo kwa mwenye alidanganya, na mwenye alidanganya alishakula. Kwa hiyo sikia tu fununu ya kwamba kuko mutu anapima parseli, avoka aandikie konservateri barua ya opozisyo, na aombe kuangalia jina gani iko mu kitabu. Kuuzisha nyumba yenye haiko yako ni kosa ya penali, stelyona, inaenda ku parke, lakini plenti peke yake hairudishe sertifika, ile inaombwa ku tribinali kubwa.

Angalia sana bazee ba Kenya, Katuba, Ruashi benye bangali na livre ya lojeri ya zamani, ao fishi ya komini, banasema "mie niko na karatasi". Karatasi iko, lakini kwa sheria haina nguvu ya sertifika. Na bazee ba kampuni: mu depar volonteri (kuacha kazi kwa kujitolea) ya 2003-2004 ku Gécamines, kampuni ya Leta ya migodi, zaidi ya bafanyakazi 10,000 balitoka, na kwa bengi nyumba njo ilibakia mali yabo yote. Kama barua ya kupewa nyumba, kontra ya kuuzishiwa, na bi ya lipo yenye inaonyesha bakikata bei ya nyumba zingali mu sanduku na sertifika haikutoka ku jina yake, mupeleke BCG sasa, muzee angali anakumbuka na bakolega benye banaweza kushuhudia bangali hai. Batoto batakuja kutafuta hii kiisha matanga, na itakuwa kazi.

Siku ya kesi na kiisha

Mufike saa mbili hata kama bameandika saa tatu. Muzee akae mbele kwenye anasikia. Kama hasikii Kifransa aombe kusema Kiswahili, avoka amusaidie. Ajibu yenye bamuuliza basi, hasira ya bayeri iachwe inje. Kama hukumu ni mbaya, uliza avoka kabla hamujatoka mu lupango ya tribinali kama kuko "egzekisyo proviswari" (kutimiza hukumu bila kungojea apeli), juu kama iko, apeli peke yake haizuie wisie, inaomba avoka akimbie ku juji wa apeli kuomba bazuie.

Na kama mulishinda, musirudi tu nyumbani kukata soda. Ombeni kopi ya hukumu yenye iko na mihuri na wisie aipeleke kwa upande ingine, na resi ya wisie muibakishe. Kama haijapelekwa, siku 30 zake za apeli hazijaanza hata kuhesabiwa, na bayeri anaweza kuamuka mwaka kesho.